Folda ya Shemeji Ndani ya Folda ya Mama

Upumbavu wenyewe ulikuwa hivi: nilichukua folda ya mtu aliyekuwa anajiandaa kumwoa dada yangu, nikaiweka ndani ya folda ya mama yangu mzazi. Nilifanya hivyo nikicheka peke yangu mbele ya kompyuta ya ofisi, vidole vikiwa na mafuta ya mandazi. Kama wewe si mtu wa huku ziwani, unaweza kuuliza kosa liko wapi hapo. Kama ni wa huku, najua tayari umeshika kichwa.

Mama ni karani katika ofisi ya ushirika wa wavuvi hapa Kisumu, upande wa chini wa mji, ambako upepo wa ziwa ukiingia dirishani hata karatasi mpya zinanuka mbuta, yule sangara wa kwetu. Shemeji anafanya kazi ofisi hiyo hiyo, anaandika samaki wanaopokelewa kutoka ufukweni. Namwita shemeji tangu zamani, kabla hata hajaomba ruhusa ya kuitwa hivyo. Walivyojuana na dada yangu ni jambo rahisi: dada alikuwa anampelekea mama chakula cha mchana. Kisha chakula kikaanza kupelekwa hata siku ambazo mama amebeba chake mwenyewe. Sisi nyumbani tuliona, tukanyamaza. Mama pia aliona.

Sasa, kwetu Waluo, ukishajulikana kwamba unamtaka binti wa mtu, mama yake anageuka kuwa maro kwako, yaani mama mkwe, na maro si mtu wa kuzoeana naye. Humpi mkono ovyo ovyo. Hukalii kiti chake. Hulali chini ya paa lake, hata mvua inyeshe mpaka vyura waombe mwavuli, na chumba chake cha kulala hupaswi kujua hata rangi ya pazia.

Na hawa wawili walikuwa wanatumia kompyuta moja.

Kompyuta zilikuwa tatu tu kwa ofisi nzima, na hao wawili walipangiwa ile ya dirishani. Waliishi nayo kwa akili. Mama anaitumia asubuhi, shemeji mchana. Mama akimaliza anatoka kwa mlango wa mbele na kukohoa kidogo kwenye korido, ndipo shemeji anaingia kwa mlango wa nyuma akiwa amebeba kiti chake mwenyewe. Kiti cha mama kinasogezwa kando na kugeuzwa kitazame ukuta. Meneja, ambaye hatoki huku, aliona kile kiti kinabebwa kila siku akaamua kwamba shemeji anaumwa mgongo. Alimpa pole mbele ya watu. Shemeji akasema asante.

Shida ilikuwa ndani ya mashine. Huko hapakuwa na mlango wa mbele wala wa nyuma. Kila mtu alihifadhi kazi yake kwenye rundo moja. Unatafuta ripoti ya samaki wa Jumanne, unakuta tangazo la mazishi ya shangazi wa dereva. Mwingine anafuta kazi ya mwenzake akidhani ni yake ya mwezi uliopita, halafu siku nzima inapotea kwa kuapa. Ndipo wakubwa wakaamua kompyuta zote ziunganishwe kwa waya, na mashine moja kubwa iitwayo seva iwekwe stoo, karibu na nyavu, kila mfanyakazi apate humo folda yake na neno lake la siri. Ukikaa kwenye kompyuta yoyote, ukaandika jina na siri yako, folda yako inakuja ulipo. Shemeji aliposikia habari hiyo alifurahi kuliko mtu yeyote. Aliacha hata kuumwa mgongo.

Fundi alitoka Nairobi. Mimi nilikuwa nimefunga shule, likizo ya Agosti ya mwaka jana, nikingoja kuingia kidato cha nne. Mama alinileta ofisini eti nimshikie fundi ngazi. Ukweli ni kwamba hakutaka kuniacha nyumbani na redio, kwa sababu mara ya mwisho nilipobaki nayo niliifungua nione mtangazaji anakaa wapi. Shuleni tulikuwa na chama cha kompyuta. Nilijua mambo kidogo, na kidogo hicho ndicho kilicholeta balaa.

Fundi alikuwa mtu mzuri, ila siku yake ya mwisho akili yake yote ilikuwa kwenye samaki. Alikuwa ameahidi nyumbani kwake kwamba atarudi na mbuta mkubwa, na treni inaondoka jioni. Akanikalisha mbele ya seva.

"Tazama. Unaandika jina la mtu, unamfungulia folda, unampa haki ya kuitumia. Halafu mwingine. Zote zikae ndani ya folda moja kubwa ya watumiaji, zimelala kando kando kama watoto kwenye mkeka. Hakuna mtoto kumlalia mwenzake. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Nimesemaje?"

"Watoto. Mkeka."

"Usiguse kitu kingine," akasema, akaenda kununua mbuta.

Nilifanya vizuri kabisa. Meneja, mhasibu, dereva, mzee wa stoo, mama. Kisha nikafika kwa shemeji, na hapo kidole kikaanza kuniwasha. Nikawaza: huyu bwana anakula chapati za kwetu kila siku ya Mungu, si ahamie kabisa. Nikaifungua folda yake ndani ya folda ya mama. Nilitegemea mashine itakataa, au angalau itaniuliza wazee wamekubaliana. Haikuuliza. Mashine haina mkwe. Nikacheka hadi nikapaliwa na mandazi, nikasema nitamwonyesha dada jioni kisha nitarekebisha.

Fundi akarudi amekumbatia samaki aliyefungwa gazeti, jasho linamtoka. Akatazama folda ya meneja, akatazama ya mhasibu, akasema safi. Akanitoa kitini, akafunga ile nafasi ya msimamizi inayoruhusu mtu kubadilisha mambo, akaandika neno lake la siri kwenye karatasi na kuitia katika bahasha ya meneja. Akaenda zake mbio. Mimi nikabaki nimesimama na mandazi mkononi, nafasi ya kurekebisha imeshafungwa. Ningeweza kusema. Badala yake nilienda kucheza mpira.

Sasa nikueleze kwa nini wiki hiyo haikuwa ya kuchezea. Jumamosi yake, wazee wa upande wa shemeji walikuwa waje nyumbani kwetu kumwomba mama ridhaa yake. Baba anaweza kukubali mpaka achoke. Mama asipotamka kwa mdomo wake kwamba amekubali, hakuna ndoa ya mtu. Dada alikuwa ameshashona nguo. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi upande wa mbele, ule ambao wageni wangeuona.

Asubuhi iliyofuata meneja aliwakusanya watu wote, na mimi nikiwemo, akasema maneno mengi kuhusu maendeleo. Mama alikuwa ameshakaa kwenye kompyuta yake ya dirishani. Shemeji akachagua ile ya mbali kabisa, ya mlangoni, akaketi. Kwa mara ya kwanza hakubeba kiti. Akaandika jina, akaandika siri, akabonyeza. Dereva alikuwa amesimama nyuma yake anatafuna mua.

Kwenye mashine zetu, ukifungua folda yako, juu ya kioo linatokea jina la folda pamoja na majina ya zile zilizoibeba. Likatokea: watumiaji, halafu jina la mama, halafu lake.

Dereva akaacha kutafuna. "Omera, ndugu yangu," akasema, na dereva hajui kunong'ona, "hapa wanasema unakaa kwa maro."

"Wapi?"

"Ndani. Ndani kabisa. Si hata sebuleni."

Shemeji akasoma. Akasimama polepole, kama mtu aliyeketi juu ya yai, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kusimama uani, kwenye nyavu zilizoanikwa. Mzee wa stoo akaja, akavaa miwani, akasoma kidole kikifuata maandishi.

"Na mwenye nyumba anaweza kufungua cha mgeni?" akaniuliza.

Ilibidi niseme kweli. Mwenye folda ya nje anafungua na za ndani.

"Kwa hiyo amelala humo usiku kucha, na mlango haufungi."

"Jaduong', mzee wangu, ni kompyuta tu."

"Hata kitanda ni mbao tu."

Mama hakugeuka. Alichukua mkoba wake, akafuta miwani, akasema anaenda benki. Akapita katikati yetu kama anapita kwenye matope.

Siku hiyo samaki hawakuandikwa. Walipokelewa, walipimwa, wakaondoka zao bila kumbukumbu. Shemeji alikataa kugusa kompyuta yoyote, akasema afadhali afukuzwe kazi kuliko kuingia tena mle alimoingizwa.

Nyumbani jioni mama alikuwa anachagua mchele, na dada alizunguka sinia lile kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Mama, wale watu wa Jumamosi. Tuwapikie kuku wangapi?"

"Watu gani?"

"Wageni, mama."

"Mgeni ni mtu anayetoka kwake akaja kwangu," mama akasema, akatupa jiwe dogo nje. "Huyu anatoka wapi? Nasikia tayari anakaa kwangu. Mtu wa ndani hapokelewi mlangoni."

Baba akainua gazeti mpaka akapotea. "Mimi simo," gazeti likasema.

Ugumu wa mama ni kwamba akifanya mzaha uso haubadiliki, na akiwa hana mzaha pia haubadiliki. Dada hakungoja kujua ni upi. Alinifuata chumbani.

"Ni wewe."

"Ni mashine."

"Mashine inamjua mtu wangu? Imeshakula chapati naye?" Akanisogelea. "Utaitengeneza kesho, ama nitamwambia baba nani aliivunja redio akasema ni radi."

Nilikuwa na jibu, tena zuri. Lakini akaketi kwenye kitanda changu, kitu ambacho hafanyi kwa sababu anasema kinanuka soksi, akatazama sakafu. Nimezoea dada anayepiga kelele. Huyu wa kunyamaza sikuwa nimewahi kukutana naye.

Asubuhi nilifika ofisini kabla ya mama, nikaenda moja kwa moja kwa meneja kuomba ile bahasha. Nilimweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ndiyo sababu ya kubeba kiti?"

"Ndiyo, bwana."

"Na mimi nikampa pole ya mgongo." Akatoa bahasha kwenye kabati. "Nilinunua mashine hizi ili watu wafanye kazi. Sikujua naleta na ukoo. Nenda, na ukigusa folda yangu nitakurudisha shule leo leo."

Kuhamisha folda si kazi. Ningemaliza kabla chai haijapoa. Lakini kufika stoo kwenye seva, nikamkuta mzee wa stoo ameketi kwenye gunia la nyavu, dereva kando yake, na Mama Chai, yule anayetupikia chai ofisini, amesimama na birika. Walikuwa wananingoja.

"Unataka kufanya nini?" mzee akauliza.

"Kuhamisha. Inatoka ndani ya folda ya mama inakuja hapa nje."

"Inatokea kwa mlango gani?"

"Folda haina mlango, jaduong'."

"Kama haina mlango aliingiaje?"

Nikamtazama dereva anisaidie. Dereva akasema, "Jibu mzee."

"Vitu vya mtu huyo," mzee akasema, "havitapita mbele ya mama mkwe wake mara ya pili. Vilipita mara moja na tumeona. Vitolewe kwa nyuma."

"Lakini, mzee, seva ni moja," nikasema. "Kama ni hivyo basi sote tunalala nyumba moja hapa. Hata meneja."

"Seva ni shamba," akasema bila kufikiri. "Shamba moja linaweza kuwa na maboma mengi. Usinifundishe shamba."

Mama Chai akaweka birika chini. "Si kuna zile disketi? Mwanangu hubeba kazi ya shule kwa disketi. Atie vitu humo, atoke navyo kwa miguu."

Wote wakaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa kuwaza. Nikanakili vitu vya shemeji kwenye disketi, nikahakikisha vinasomeka, nikaifuta ile folda iliyokuwa ndani ya folda ya mama. Halafu nikatoka kwa mlango wa nyuma nimeshika disketi kwa mikono miwili, maana mzee aliniambia nisiitie mfukoni, si karanga. Dereva akatangulia.

"Pisheni. Kuna mtu anahama."

Tukapita uani, tukapita nyavu zilizoanikwa, tukapita akina mama waliokuwa wanauza omena, wale dagaa wa ziwani, nje ya uzio. Mmoja akauliza nani amekufa. Mama Chai akamjibu hakuna aliyekufa, ni bwana harusi anarudishiwa heshima yake. Yule mama akasema basi ni vizuri, akaendelea kupepeta omena. Shemeji alikuwa pale pale kwenye nyavu. Tulipompita aligeuza uso akatazama ziwa, lakini niliona masikio yake yanacheka.

Tukazunguka, tukaingia kwa mbele. Kwenye kompyuta ya mlangoni nikafungua folda mpya, nje, peke yake, nikamimina vitu humo. Nikamwita mzee aone. Orodha ya folda zote ikatokea kwenye kioo, na mzee akavaa tena miwani.

"Huyu amejenga wapi?"

"Hapo, nje. Kando kando, kama watoto kwenye mkeka."

"Mimi naona amejenga ukutani kwa maro. Wakikohoa wanasikiana."

Nikatazama. Kweli. Kompyuta inapanga majina kwa herufi, na jina la shemeji lilikuja mara tu chini ya la mama, limeligusa. Nikaeleza mambo ya alfabeti. Mzee akasikiliza kwa subira.

"Herufi hazina mama mkwe," akasema. "Sisi tunao."

Nikawaza nimwandike shemeji kwa jina la baba yake, lakini dereva akakumbusha kwamba baba yake na mhasibu hawaongei, na hapo wangekaa jirani. Nikawaza nijitupe ziwani. Ndipo Mama Chai akainama akasoma kioo kwa muda.

"Mimi jina langu lingekaa wapi?"

Nikapima herufi zake. Zilianguka katikati ya mama na shemeji, sawasawa, kama zimechongwa.

"Basi nipe na mimi. Niwe ua wa kuwatenganisha."

"Lakini wewe hutumii kompyuta, mama."

"Ua unatumia nini?"

Nikamfungulia. Nikamwomba achague neno la siri, akatufukuza sote watu watatu tugeuke ukutani, akabonyeza herufi moja moja kwa kidole kimoja, akichukua muda wa mtu anayetia chumvi kwenye chakula cha askofu. Kisha akauliza anaweza kuweka nini humo ndani. Nikamwambia chochote. Akaniagiza niandike kwamba sukari imekwisha tangu Jumatatu na hakuna anayejali. Mpaka leo maandishi hayo yako pale, na ukimwuliza Mama Chai anasema ofisi ile ingeanguka bila yeye.

Orodha ikawa: mama, Mama Chai, shemeji. Mzee akapitisha ukucha kwenye kioo, akagonga mahali penye jina la katikati, akatoa miwani.

"Sasa mwiteni."

Shemeji akaja kwa mlango wa nyuma. Alikuwa amebeba kiti chake tena, nadhani kwa tahadhari. Akaketi, akaandika jina na siri, akasoma mstari wa juu, akausoma tena. Watumiaji, halafu yeye. Akaanza kuandika samaki wa jana na wa leo kwa pamoja, na hakuinua kichwa hadi mchana.

Mama alikuwa ameshaingia wakati sisi tuko uani. Hakuna aliyemwona. Alikuwa kwenye kompyuta ya dirishani, na orodha ile ile ilikuwa mbele yake. Alipomaliza kuitazama akamwita Mama Chai, akamwomba chai isiyo na sukari kwa vile imekwisha, wakashikana mikono kwa muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Mimi hakunitupia hata jicho. Jioni nilimfuata nyumbani nikiwa hatua nyingi nyuma, kama mbuzi asiyejua kama anapelekwa malishoni au sokoni.

Dada alikuwa mlangoni. Alikuwa ameshika fremu kwa mikono miwili. Baba gazeti lake lilikuwa chini, na kwa baba hiyo ni wasiwasi mkubwa. Mama akavua viatu, akaviweka sawa, akamwambia dada atoe sufuria kubwa. Kisha akanigeukia mimi, uso ule ule, akasema:

"Watakuja Jumamosi. Wewe utachinja kuku, utawanyonyoa, halafu utaoga usimame mlangoni uwaonyeshe wageni mahali pa kukaa. Kila mtu umkalishe pake. Ukikosea hata kiti kimoja, utakula na mbwa."